Kutoka Dilolo hadi baharini: tulivyomtafuta baba wa nkambo



Hapa Lubumbashi, mwalimu akiita majina ya watoto asubuhi, hakosi kukutana na jina la Kireno. Pereira, Ferreira, da Silva, Tavares. Mtoto anaitika, anaketi, somo linaanza. Ukimuuliza jina hilo limetoka wapi, atasema ni la baba. Baba ukimuuliza, atasema ni la nkambo. Ukifika kwa nkambo mwenyewe, hadithi inakuwa fupi: kulikuwa na Mreno mwenye duka, akazaa na mama wa kijijini, kisha akaenda. Basi.

Katika familia yetu hadithi ilikuwa fupi zaidi, maana hata jina la huyo Mreno hatukuwa nalo. Kwenye karatasi za nkambo, mahali pa jina la baba, karani wa zamani aliandika kwa Kifaransa kwamba hajulikani. Nkambo sasa amepita miaka 80. Alilea watoto saba, akawasomesha kwa kuuza makala na samaki wa chumvi, na hakuna anayemkosea heshima katika kartye yetu. Lakini neno lile limemfuata tangu utoto. Alipougua sana, akatuita akasema: "Sitafuti urithi wa mtu. Nataka kujua mimi ni mtoto wa nani kabla hamjaandika jina langu kwenye msalaba."

Ndiyo sababu tulisafiri. Tulikuwa watatu: mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa nkambo, yaya, anayeuza vitenge sokoni, na mwalimu anayewaandikia haya. Fedha ilitoka kwenye likelemba yetu. Wamama wenzetu walikubali tupokee zamu mbili zikifuatana, na hapa tunawashukuru tena.

Reli iliyoleta watu

Watu wakisikia neno Mreno wanafikiri juu ya Matadi na Boma, kule mto wetu unakoingia baharini. Si uongo. Nahodha Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Congo mwaka 1482, na karibu na Matadi kuna mwamba wa Yelala ambao mabaharia wake walichonga majina yao. Lakini sisi wa Katanga tuna mlango wetu mwingine ambao Wareno walipitia, nao ni reli ya Benguela.

Mskoti Robert Williams alipata ruhusa ya kujenga reli hiyo mwaka 1902, ili shaba ya Katanga iwe na njia fupi ya kufika baharini. Kutoka bandari ya Lobito hadi mpakani ni kilomita zaidi ya 1,300. Reli ilifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaungana na ile ya upande wetu inayotoka Tenke. Shaba ilikwenda, na treni ilirudi na watu. Mchuuzi wa Kireno alishuka na kitambaa, chumvi, mvinyo na samaki mkavu, akafungua duka dogo kando ya stesheni, akaanza kununua nta, mahindi na mihogo. Alijifunza lugha ya watu mapema kuliko mabwana wa leta, kwa sababu bila lugha hauzi kitu.

Nkambo alikumbuka mambo matatu tu. Alizaliwa upande wa Dilolo. Mama yake alikuwa Mtshokwe. Na mama huyo alizoea kusema kwamba ndugu za Mreno "walikuwa watu wa mashua". Kwa maneno hayo matatu tukaanza safari, vakansi ya mwezi wa saba.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi njia ni nzuri, shida ni malori ya madini tu, yanayofuatana kama siafu. Baada ya Kolwezi lami inakuacha. Tulipita Mutshatsha, tukapita Kasaji, vumbi likiwa limetubadilisha rangi hata mama mkubwa akatucheka: "Leo sisi wote ni machotara." Usiku tulilala kwenye mabenchi ya parokia moja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza asali alitupa chupa bila fedha aliposikia tunakwenda kutafuta ukoo. Alisema: "Anayetafuta ukoo hanunui, anapewa."

Ni maneno ya kweli kwa nchi ile. Watshokwe wamekuwa wafugaji wa nyuki na wauzaji wa nta tangu zamani, na katika karne ya 19 nta yao ilibebwa kwa miguu hadi pwani ya Benguela. Kwao, tena, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mkubwa wa mtoto. Kwa hiyo mtoto wa Mreno hakuwa mtoto aliyepotea. Alikuwa na mama, mama alikuwa na kaka, na kaka alikuwa na kijiji.

Kasha la Dilolo

Tulifika Dilolo siku ya nne. Tuliuliza sokoni, tukaulizwa sisi pia: wa kijiji gani, wa mto gani, mjomba nani? Mama mkubwa alitaja jina la Kitshokwe la mama wa nkambo, lile ambalo nkambo alimfundisha tangu utoto. Alilitaja mara tatu mahali patatu. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu aliinua kichwa. Siku iliyofuata tulikuwa tumeketi chini ya mwembe katika uwanja wa watu ambao hatujawahi kuwaona, na mama mmoja mzee alikuwa akimshika mama mkubwa usoni, akisema pua ni ile ile.

Yeye ni mtoto wa mjomba wa nkambo. Alituambia yaliyokuwa hayajafika Lubumbashi. Duka lilikuwa karibu na stesheni. Mreno hakuwa mtu mbaya wala malaika. Alikunywa, alicheka, alijua bei ya kila kitu. Mtoto alipokuwa na miaka mitano hivi, gari la leta lilikuja na karani na askari mmoja. Walikuwa na orodha ya watoto wa wazungu. Mama alimfunga mtoto kwenye leso mgongoni akakimbilia mashambani. Walimngoja kwa siku mbili. Siku ya tatu mjomba alitishwa kufungwa, na mama akarudi mwenyewe. Mtoto alipelekwa kwa masista wa misioni moja ya mbali. Mreno alifunga duka mwaka huo huo akavuka mpaka, na hakuonekana tena. Mama alikwenda kwa miguu kumtafuta mtoto wake, akarudishwa. Alikufa bila kumwona tena.

Nkambo hakutuambia habari ya leso mgongoni. Pengine hakuikumbuka. Pengine aliikumbuka kila siku.

Mzee mama aliingia nyumbani akatoka na kasha la mbao lisilo na kifuniko, limekula moshi mpaka limekuwa jeusi. Lilikuwa la duka lile. Mama wa nkambo aliweka ndani yake nguo za mtoto wake, na alipokufa ndugu walikataa kulipasua kuwa kuni. Ubavuni kulikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma. Tulifuta kwa kitambaa cha maji. Likatokea jina la ukoo, na chini yake: Porto Alexandre. Lilikuwa kasha la samaki.

Jina la ukoo tunaliweka nyumbani, wamama mtatusamehe. Lakini siku ile, chini ya mwembe, neno "hajulikani" lilianza kufutika.

Kilichowapata watoto wale

Turuhusuni tusimame hapa kidogo, maana kati yenu wapo wenye nkambo kama wetu.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, mtoto wa baba mzungu na mama Mwafrika alionekana kuwa hatari kwa utawala. Watoto wengi walichukuliwa kutoka kwa mama zao, wakawekwa katika misioni mbali na kijiji, majina yao yakabadilishwa, na mara nyingi baba akaandikwa kuwa hajulikani hata kama kila mtu alimjua. Haikuwa kwa watoto wa Wabelgiji peke yao. Watoto wa wachuuzi wa Kireno walikuwamo pia.

Tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka 2019, Charles Michel, aliyekuwa waziri mkuu wa Ubelgiji, aliomba msamaha mbele ya bunge lao kwa niaba ya serikali. Kisha wanawake watano, waliochukuliwa kutoka kwa mama zao kabla ya kufikisha miaka 7 na kuwekwa katika misioni ya Katende huko Kasai, waliishitaki serikali ya Ubelgiji. Mmoja wao anaitwa Léa Tavares Mujinga: sikilizeni jina hilo, la Kireno na la kwetu yakiketi pamoja. Mahakama ya kwanza iliwakatalia. Hawakuchoka. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilisema kwamba waliyotendewa ni kosa dhidi ya ubinadamu, ikaamuru serikali imlipe kila mmoja euro 50,000.

Tulimsomea nkambo habari hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza: "Mama zao, walikuwa hai kusikia?" Hatukujibu.

Kuvuka kwenda baharini

Tulirudi Lubumbashi, tukafundisha, tukauza vitenge, tukaweka fedha upya. Vakansi iliyofuata, tukiwa na viza, tulivuka Dilolo tukaingia Luau, mji wa Angola ulio ng'ambo, na hapo tukapanda treni ya Lobito.

Reli hiyo ilikufa kwa miaka mingi. Vita vya Angola, tangu 1975, viliivunja madaraja na kujaza mabomu kandokando. Vita vilikwisha mwaka 2002 na Wachina wakaijenga upya. Leo inapita tena Luena, Kuito na Huambo. Kwenye kila stesheni wamama wanakimbilia madirisha na ndizi, kuku wa kuchoma, mayai, wakitaja bei kwa Kireno. Yaya hajui Kireno, lakini biashara anaijua: alinunua kwa vidole na kicheko, na mara mbili alipunguziwa bei.

Hapo ndipo mwalimu alipata somo la kuwapa watoto wa darasa la tano. Muuzaji mmoja alipanga vitu juu ya meza akasema "mesa". Sisi pia tunasema meza. Alijifunga kitambaa kichwani akakiita "lenço", nasi tunasema leso. Bendera kwao ni "bandeira", mvinyo ni "vinho", na kasha, kama lile la Dilolo, ni "caixa". Maneno haya hayakuingia Kiswahili kwa reli. Yaliingia kwa bahari ya upande wa pili, baada ya Vasco da Gama kupita pwani ya mashariki mwaka 1498 na wenzake kukaa Mombasa mpaka mwaka 1698. Hata gereza limetoka kwa "igreja", yaani kanisa. Tulikuwa na mabaharia mdomoni kabla hatujajua kwamba tunao katika damu.

Tuliona bahari kwa mara ya kwanza kabla ya kufika Lobito, karibu na Benguela. Mama mkubwa alisimama dirishani. Ana miaka zaidi ya 60, ameona ziwa la Mweru, alidhani amekwisha kuona maji. Alisema polepole: "Na ng'ambo iko wapi?"

Hatutaki kuwaambia habari ya bahari kama watalii. Benguela ilijengwa na Wareno mwaka 1617, na kwa zaidi ya miaka 200 watu walitolewa bara, wakafungwa, wakapakiwa hapo kwenda Brazil. Njia iliyoshusha nta na pembe za tembo ilishusha pia watu. Kwa hiyo ukoo wetu una safari za bahari pande zote mbili. Upande mmoja kuna walioshika usukani. Upande wa pili, kwa mama wa nkambo, huenda wapo waliokuwa chini ya sakafu ya meli, na majina yao hayako kwenye kasha lolote. Tulisimama mchangani tukawaombea wote, kila mtu kwa moyo wake.

Nchi ya samaki wa chumvi

Porto Alexandre leo inaitwa Tômbwa. Iko kusini kabisa, zaidi ya Moçâmedes, ambako jangwa la Namib linafika mpaka kwenye maji. Tulikwenda kwa basi hadi Lubango, kisha tukateremka mlima wa Leba, barabara ikijikunja kama nyoka, mama mkubwa akiwa amefumba macho na rozari mkononi. Chini ya mlima miti inaisha. Inabaki mchanga, mawe, na asubuhi ukungu baridi unaotoka baharini.

Ukungu huo una kazi yake. Maji ya pwani ile ni baridi, yanakuja kutoka kusini, na maji baridi yana samaki wengi. Ndiyo sababu katika karne ya 19, hasa tangu miaka ya 1860, wavuvi wa Olhão, mji mdogo wa kusini mwa Ureno, walianza kuhamia huko na wake na watoto wao. Wengine walikuja kwa mashua zao wenyewe za uvuvi, zenye milingoti miwili, wakifuata pwani ya Afrika kwa maelfu ya kilomita. Hawakuwa makabaila. Walikuwa maskini wanaojua kitu kimoja: bahari. Walivua, walitia chumvi, walianika, na samaki mkavu wa pwani ile aliuzwa bara, hadi kwa wafanyakazi wa Congo.

Tulipofika Tômbwa harufu ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Yaya alisema: "Lakini hii ni harufu ya nyumbani!" Ilikuwa harufu ya nkambo wetu sokoni, na makayabu yake yamepangwa juu ya gunia. Wareno wanamwita samaki wao wa chumvi "bacalhau". Litamkeni mara mbili haraka, mtasikia linavyokaribiana na makayabu. Nkambo aliuza miaka 40 kile ambacho baba yake aliuza, na hakuna aliyemfundisha biashara hiyo. Aliichagua, alisema, kwa sababu harufu yake ilimtuliza.

Wamama wa Tômbwa walikuwa wameketi kwenye mchanga, visu mkononi, wakipasua samaki mgongoni na kuwatia chumvi, watoto wakilala karibu. Mama mmoja alitufungia samaki wawili kwenye karatasi ya kumpelekea nkambo. Kati ya wale wahamiaji wa zamani hatukukuta mtu anayemjua Mreno wetu. Wengi waliondoka mwaka 1975. Tulikuta makaburi, na kwenye makaburi jina la kasha liliandikwa mara sita.

Neno moja kitabuni

Tulipata kitabu Moçâmedes, parokiani. Karani ni mama mtulivu mwenye miwani. Tulimwonyesha picha ya kasha, tukamweleza kwa Kifaransa, kwa mikono na kwa Kireno cha treni. Alitufungulia vitabu vya ubatizo kwa asubuhi mbili. Asubuhi ya pili akaweka kidole: mtoto wa kiume, alizaliwa Porto Alexandre mwaka 1908. Jina la kwanza lilikuwa lile lile ambalo mzee mama wa Dilolo alilitamka kwa ulimi wa Kitshokwe.

Tunataka mjue jinsi vitabu vile vinavyoandika, maana ndiyo sababu ya makala hii. Hawakuandika baba na mama tu. Waliandika babu na bibi wa upande wa baba, babu na bibi wa upande wa mama, wazazi wa ubatizo, mahali kila mtu alipotoka, na kazi. Na mbele ya jina la baba wa mtoto palikuwa na neno moja, "marítimo", mtu wa bahari, mwenyeji wa Olhão. Watu wa mashua. Mama wa nkambo alisema kweli.

Tuliporudi nyumbani, mtoto wa yaya aliendelea na kompyuta. Vitabu vingi vya zamani vya parokia za Ureno vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na vya Olhão viko chini ya hifadhi ya wilaya ya Faro. Kusoma ni bure. Mwandiko ni mgumu kama miiba, lakini kila usiku alisoma kurasa chache. Akampata baba wa Mreno, akabatizwa Olhão mwaka 1871. Baba yake: marítimo. Babu yake: marítimo. Baba wa mama yake: marítimo. Wake zao wote waliandikwa kwa neno moja, wanawake wa nyumbani, kana kwamba samaki alijisafisha na nyavu zilijishona.

Tulisoma pia juu ya mji wenyewe. Mwaka 1808, baada ya wenyeji kuwafukuza askari wa Wafaransa, mashua moja ya uvuvi ya Olhão ilivuka bahari mpaka Rio de Janeiro kupeleka habari kwa mtawala wao aliyekimbilia huko. Kanisa lao kubwa lilijengwa kwa fedha ya wavuvi. Nyuma ya kanisa hilo kuna kasala kadogo ka wazi, ambako wamama walikwenda kuomba bahari ilipochafuka na waume zao hawajarudi. Na nyumba zao zina paa la gorofa lenye ngazi, ili mtu apande aangalie kama mashua inakuja. Mama mkubwa alitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Alisema: "Mama mkwe wa Tshokwe alikuwa juu ya paa, na mama wa nkambo alikuwa kwenye reli. Wote wawili walikuwa wanangoja."

Swali la nkambo

Tulimketisha nkambo barazani, tukamsomea yote, kizazi kwa kizazi, mpaka kwa mvuvi wa zamani kabisa. Tulimpa samaki wa Tômbwa, akamnusa, akafunga macho. Alitufanya turudie jina la baba yake mara nyingi. Kisha akauliza: "Na jina la mama yangu, wao waliliandika wapi?"

Wamama, hatukuwa na ukurasa wa kumwonyesha. Huyu mwanamke aliyekimbia na mtoto kwenye leso, aliyetembea kwa miguu kumfuata, aliyetunza kasha, ambaye bila maneno yake tusingefika popote, hayuko katika kitabu chochote cha dunia. Mvuvi aliyekufa ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka 100 iliyopita tunajua bibi yake aliitwa nani. Mama wa nkambo tunamjua kwa sababu mtoto alikataa kusahau.

Jioni ile tulinunua daftari gumu. Ukurasa wa kwanza hatukumwandika Mreno. Tulimwandika mama wa nkambo, jina lake kamili la Kitshokwe, mama yake, bibi yake, mto wa kijiji chao, jina la mjomba, na habari ya leso. Nkambo alisema, mtoto wa yaya akaandika. Ukurasa wa pili ndio wa watu wa bahari.

Mambo ya kufanya nyumbani

Wenye nkambo hai, waulizeni sasa, kabla ya mvua. Msianze na "baba yako ni nani", swali hilo linauma. Anzeni na mama, mto, harufu, wimbo, vitu vilivyobaki nyumbani. Kasha, sufuria, msalaba au picha vinaweza kuwa na herufi ambazo hakuna aliyezisoma.

Tafuteni cheti cha ubatizo katika parokia ya kwanza, si ya mwisho. Mtoto aliyechukuliwa na leta huenda ana faili. Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji ina watu wanaowasaidia machotara wa ukoloni na watoto wao kutafuta faili hizo, na mnaweza kuwaandikia barua. Kwa ukoo wa Kireno, mkijua parokia ya kwao, vitabu vipo. Mkijua jina la ukoo tu, kazi ni kubwa. Ndiyo maana jina la kijiji au bandari lina thamani kuliko picha nzuri.

Mwisho, tuwatazame watoto tulio nao leo. Sheria yetu inasema mtoto aandikishwe kwa leta ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Nendeni. Msimngoje baba kama hayupo, msione haya, na msikubali karani aandike jina lenu kwa haraka na kwa makosa. Angalieni herufi zote kabla ya kutia sahihi.

Katika mkutano ujao, mama anayependa aje na daftari. Wasiojua kuandika waje na maneno yao tu, walimu tutaandika. Tutaanza na mama, na mama wa mama, kisha tutaona njia inatupeleka wapi.